Hutacheza Jumamosi

Nyumbani kwa Kogo Rodah,
Sosiot, Kericho.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa dada Chepchirchir,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za nyanya yetu Kogo, ambaye ameketi hapa mlangoni akichambua mboga na kuniuliza kila mara nimefika wapi. U hali gani huko Thika tangu mama yako, Shangazi wangu, akuchukue ukapone? Usingizi unakuja vizuri? Mwanga wa mchana bado unakuumiza macho? Chakula kinakaa tumboni? Nijibu swali moja baada ya jingine, usiyaruke kama unavyoyaruka maswali ya Hisabati.

Sisi tu wazima. Mvua inanyesha karibu kila alasiri, na majani chai yamechipuka mpaka Mama anasema mikono haitoshi. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Ana doa jeupe kwenye paji la uso na amekwisha kuwa mtundu.

Ninaandika kwa herufi kubwa kwa sababu Shangazi alisema daktari hataki utazame simu, na hata vitabu usome kidogo kidogo. Ukichoka, weka barua chini upumzike. Haitakimbia.

Barua yako niliipata. Uliificha vizuri sana ndani ya sweta mliyomtumia Kogo, ila ulisahau kwamba Kogo akipewa sweta huivaa papo hapo. Alishtuka, akadhani ni panya. Alinikabidhi ikiwa bado imefungwa, akasema, "Chukua siri zenu. Lakini mwambie mjukuu wangu kwamba zinakwaruza."

Umeniomba mambo mawili. La kwanza, nikueleze siku ile ya nusu fainali ilivyokuwa, maana hukumbuki chochote baada ya chai ya asubuhi na kila mtu anakupa kipande chake. La pili, nimwambie Madam Mokeira, kocha wetu, kwamba uko sawa, kwamba mama yako amekubali, na kwamba utapanda gari Ijumaa uje ucheze fainali Jumamosi. Nitaanza na la kwanza, kwa sababu jibu la pili limo ndani yake.

Tulicheza kwenye uwanja ule ulio karibu na Litein, wenye shamba la chai upande mmoja. Uwanja ulikuwa na matope, lakini ulicheza vizuri mno. Katika kipindi cha kwanza ulimpita mlinzi wao, ukampita kipa, ukafunga bao kwa mguu wa kushoto ambao huwa tunaucheka. Madam aliruka mpaka kiatu kikabaki kwenye tope. Ninasikitika kwamba hukumbuki bao hilo. Mimi nitakukumbukia.

Kipindi cha pili mpira ulikuja chini, nawe ukainama kuupiga kwa kichwa. Mlinzi wao, yule mrefu mwenye jezi nambari nne, aliinua mguu juu sana kutaka kuuondoa. Kiatu chake kikakupata juu ya sikio. Nilikuwa mbali kidogo, lakini nilisikia.

Refa alikuwa Mwalimu Bethwel, yule anayepeleka maziwa kituo kimoja na sisi. Alikuwa karibu kuliko mimi. Hakupiga filimbi. Alionyesha kwa mkono kwamba mchezo uendelee, eti mlinzi alikuwa ameulenga mpira. Huenda ni kweli aliulenga. Lakini mguu ukiwa juu kiasi kile mbele ya uso wa mtu ni mchezo wa hatari, na hata sisi wachezaji tunalijua hilo.

Ulianguka, kisha ukainuka. Hukushika kichwa wala hukulia. Ulipangusa magoti tu, kama tulivyolelewa, maana wewe na mimi tumesifiwa tangu utotoni kila tulipoumia bila kukunja uso. Akina mama waliotoka kuchuma chai walikupigia makofi. Mmoja akapaza sauti, "Huyo ndiye msichana! Hata kope hajapepesa!"

Mpira ulipotoka, Mwalimu Bethwel alikuuliza kama uko sawa. Ukamjibu kwa adabu, "Niko sawa, Mwalimu." Akaridhika, mchezo ukaendelea.

Sasa hapa ndipo sehemu ambayo hakuna aliyekusimulia. Baada ya muda mfupi uliacha nafasi yako mbele, ukatembea polepole mpaka nilipokuwa, ukaninyoshea mkono. Ukasema, "Chamgei, Chepchumba. Mmefika saa ngapi?" Nami nikakupa mkono kabla sijaelewa. Kisha ukamwendea mchezaji wa upande wa pili, ukamsalimia pia, ukamuuliza habari za nyumbani kwao.

Watu walicheka. Kijana mmoja wa bodaboda akapiga kelele, "Mchungaji ameanza kusalimia waumini!" Wenzetu nao wakacheka, wakidhani unawatania wapinzani kwa sababu tunaongoza. Wewe pia ulitabasamu. Lakini macho yako, dada, hayakuwa yananitazama mimi. Kisha ukaniuliza kwa sauti ndogo lango letu ni lipi.

Nilimkimbilia refa. Nikasema, "Mwalimu, tafadhali simamisha mchezo. Chepchirchir hajui alipo."

Akasema, "Kapteni, tangu lini ukawa daktari? Amesema mwenyewe yuko sawa. Rudi nafasi yako."

"Mwalimu, ananisalimia kama mgeni."

"Na mimi ninakusalimia kwa kadi," akasema, akanionyesha ya manjano. Watu wakacheka tena.

Madam alikuwa akipiga kelele pembeni akitaka kukubadilisha, lakini refa hakumtazama, na mpira haukutoka. Wewe ulikuwa umesimama katikati, na watu wanakimbia pande zote zako. Nilimwona yule mrefu akija tena. Mpira ulipofika miguuni mwangu sikuwaza sana. Nilijigeuza, nikaupiga kwa nguvu zangu zote ndani ya shamba la chai.

Uliingia ndani kabisa. Washika vibendera wawili, kijana wa bodaboda na akina mama wale wakaingia kuutafuta, wakiinamainama kati ya michai, kila mmoja akimwelekeza mwenzake kwingine. Wakati huo Madam aliingia uwanjani bila kungoja ruhusa, akakushika mkono, akakutoa. Ulipofika pembeni ulitapika. Kicheko kikaisha uwanja mzima.

Nilipewa kadi ya pili kwa kupoteza wakati, kisha nyekundu. Wenzetu walibaki pungufu lakini walililinda bao lako mpaka mwisho. Mimi sikuuona mwisho huo. Nilikuwa nimeketi nawe kwenye gari la shule, tukielekea hospitali, nawe ukiniuliza tena na tena nani alishinda.

Yule nambari nne alitufuata mpaka garini akilia. Usimchukie. Amenitumia ujumbe mara nyingi kukuulizia.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mwalimu Bethwel alikuja hapa kwa Kogo. Alikuwa amevua kofia tangu langoni. Aliomba msamaha kwa maneno mazuri na nadhani alikuwa mkweli, kwa sababu alishindwa kumaliza sentensi. Kogo alimkaribisha, akamwekea maziwa ya mursik kwenye kibuyu kizuri kile cha wageni. Unajua kwetu mtu akishakuja nyumbani, akakiri, akanywa maziwa, neno limekwisha. Yeye pia alijua. Alipomaliza kunywa akasema, "Sasa Mama, labda ungemwambia yule madam wa shule aondoe malalamiko yake kwa kamati ya michezo. Sisi wenyewe tumekwisha kuelewana."

Kogo alikichukua kibuyu kitupu. Kisha akasema, "Mwanangu, maziwa nimekupa mimi, kwa mjukuu wangu. Watoto utakaowapigia filimbi kesho wana nyanya zao. Mimi siwezi kukunywisha kwa niaba ya hao."

Mwalimu Bethwel hakukasirika. Alisema, "Ni kweli, Mama," akashukuru, akaenda. Nilimsindikiza mpaka barabarani.

Mbele ya kamati alisema ukweli mtupu. Alisema aliona mguu ukiinuka, akasikia jibu lako, akaona linatosha kwa sababu hukuwa unalia. Alisema yeye mwenyewe amelelewa hivyo. Kamati imemsimamisha asichezeshe msimu huu, na atarudi tu baada ya kupata mafunzo kuhusu majeraha ya kichwa. Tena wametoa agizo kwamba kuanzia sasa katika mashindano yetu mchezaji akipigwa kichwani atoke, na asiulizwe yeye kama anaweza kuendelea.

Kadi yangu haikufutwa. Mwenyekiti alisema sheria ya kupoteza wakati ni sheria, hata kama sababu ilikuwa nzuri. Niliona uchungu, na Madam aliona uchungu zaidi, akafunga mkoba wake kwa kishindo. Kwa hiyo mimi pia sitacheza fainali. Nitaketi pembeni na kubeba maji.

Sasa nimefika kwa ombi lako la pili.

Niliupeleka ujumbe wako kwa Madam juzi Ijumaa, kama ulivyoomba, bila kuongeza wala kupunguza. Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Mageto, alikuwa hapo hapo ofisini akasikia. Alifurahi mpaka akasimama. Unajua anavyokitamani kikombe hicho. Amekwisha kusafisha kabati la kukiweka. Akasema, "Basi tatizo liko wapi? Si amesema mwenyewe yuko sawa?"

Dada, nilikuwa nimeyasikia maneno hayo uwanjani, na safari hii yalisemwa na mtu wa upande wetu.

Madam alinigeukia akaniuliza, "Chepchumba, wewe ndiwe wa nyumbani. Unasemaje?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema kwamba bila wewe na mimi hatuna mtu wa kufunga, jambo ambalo ni kweli, na kwamba umeomba kwa moyo wako wote, jambo ambalo pia ni kweli. Lakini Shangazi alikuwa amempigia Kogo simu usiku uliotangulia, nami nilikuwa nimeishika simu kwa sababu Kogo husikia vizuri ikiwekwa kwa sauti kubwa, nikasikia yote. Shangazi alisema asubuhi unashika ukuta kabla ya kusimama. Alisema juzi ulikaa jikoni giza likiwa limeingia kwa sababu taa inakuumiza, ukamwambia unapenda tu kukaa hivyo. Na kuhusu kwamba amekubali uje, Shangazi hajui habari hiyo hata kidogo. Kogo, ambaye nilikuwa nimemwambia, alipomtajia safari ya Ijumaa ijayo, Shangazi aliuliza, "Safari gani?"

Niliwaeleza yote hayo, mbele ya Bwana Mageto. Kisha nikasema kwamba tulikaa mbele ya kamati tukamlaumu mtu kwa kuamini jibu la msichana aliyepigwa kichwani. Nikasema hatuwezi kufanya jambo lile lile wiki hii na kuliita bahati yetu nzuri. Nilisahau hata kusema "Bwana" nilipomtaja Mageto. Akaketi, akasema, "Haya. Tutamtumia nani basi?" Nadhani si mtu mbaya.

Atacheza Metrine, yule wa Kidato cha Pili mwenye mbio. Anaogopa mpaka hali chakula cha mchana. Ameniomba nikuulize jinsi unavyompita mlinzi kwa upande wa kushoto. Ukiweza, mwambie Shangazi akuandikie jibu unaposema, alitume kwa simu ya Mama. Jambo hilo litatusaidia kuliko kuja kwako.

Najua utalia ukisoma haya, labda utaitupa barua. Uliniamini na siri yako, nami nimeitoa ofisini. Nikasirikie. Una haki, na nitaingoja hasira yako iishe hata ikichukua likizo nzima. Daktari atakuangalia tena Julai. Akisema unaweza kukimbia, nitakuja barabarani asubuhi tukimbie pamoja, polepole, na akisema ungoje, tutangoja. Tuna mwaka mzima wa Kidato cha Nne mbele yetu, na ninaamini, nikiomba kila siku, kwamba utaucheza.

Nisalimie Shangazi kwa heshima, na umwambie sweta imemkaa Kogo vizuri. Msalimie Kiplimo mdogo, umwambie aache kurukaruka kitandani unapolala. Baba na Mama wanakusalimu, wachezaji wote wanakusalimu, na Madam Mokeira amesema nisisahau kuandika kwamba anajivunia wewe. Kogo amesimama nyuma yangu sasa. Anasema Mungu akufunike kichwa kwa mkono wake, akupe usingizi usio na maumivu, akurudishe nyumbani kwa wakati wake na si kwa wakati wetu.

Jumamosi tukishinda, utasikia kelele hadi huko Thika. Tukishindwa, tutakuwa tumepoteza mchezo tu.

Ni mimi, dada yako anayekupenda hata utakapokuwa hutaki kusikia jina lake,
Chepchumba.