Mjomba Niliyemficha kwa Daktari

Alhamisi, mtaani Jamhuri

Kwa nini sikusema tu? Daktari kule Parklands aliuliza vizuri, bila haraka. Msichana wangu Wambui ana miaka tisa lakini kimo chake ni cha mtoto wa minne. Je, kwetu kuna mtu mwingine aliyebaki mdogo hivyo? Nikajibu, "Hakuna."

Na Mjomba Njoroge je? Kaka wa mama, mzee mzima anayenunua viatu vya watoto. Siku ya ruracio, mahari yangu ikijadiliwa, alifungiwa jikoni wakwe wasimwone. Leo mume wangu Kamau alikuwa ameketi kando yangu, na mpaka sasa hajui. Aibu ya kipumbavu!

Halafu daktari akaeleza. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotoa homoni ya kukua, na ya Wambui haikuumbika sawasawa. Jeni yenye kasoro lazima itoke kwa baba na kwa mama pia. Kumbe hata Kamau anayo! Ningesema, angenilaumu vipi?

Kuna sindano, alisema daktari. Hata watu wazima wanaochoka ovyo na kusikia baridi husaidiwa, kwa sababu tezi hiyo hiyo ndiyo huupa mwili nguvu na joto...

Mjomba huvaa sweta mbili hata Januari.

Jioni akapiga simu. "Mtoto amepimwa?"

"Amepimwa, mjomba."

"Ulimwambia daktari habari zangu?"

Nikasema ndiyo.

Akauliza polepole, "Na amesema niende lini?"