Makisio ya Kemia na Khanga ya Mama

Brussels, Jumatano, Novemba 2012

Mvua tangu asubuhi, ile nyembamba ya huku isiyojua kukatika. Jumatano tunatoka shule mchana, kwa hiyo niko nyumbani Koekelberg, sina hamu ya kusoma wala kula. Nimekasirika. Ngoja niandike.

Kwa wasiojua shida za sisi wa darasa la mwisho: chuo ninachokitaka Uingereza kinagawa nafasi kabla hatujafanya mtihani. Mtihani ni Mei. Sasa hivi kila mwalimu anakisia utapata ngapi kati ya saba, na chuo kinaamua kwa makisio hayo. Kwa famasia wanataka sita ya kemia. Ukikisiwa tano, huenda maombi yako yasisomwe kabisa.

Mwalimu wangu wa kemia alikuwa hajaamua, tano au sita. Aliniambia wazi: fanya vizuri jaribio la Alhamisi, nitaandika sita. Nikasoma mpaka nikaota fomula. Nikafanya vizuri, na sijisifu.

Jumatatu Mama akaja kunichukua. Mama ni mtu wa Muheza, na kwao mwalimu aliyehangaika na mtoto wako haachwi mikono mitupu. Alikuja na doti ya khanga na sambusa za moto, akamkabidhi mwalimu mlangoni pa darasa kwa mikono miwili, goti likiinama kidogo.

“Teacher, thank you for my daughter. God bless you sana.”

Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu akawa mwekundu. Akauliza khanga imeandikwa nini. Imeandikwa Wema Hauozi. Nikamtafsiria, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kunuka rushwa. Akavirudisha vyote kwa adabu. Mama akadhani anaona haya, akamsukumia tena.

Kumbe shule ina utaratibu wake: zawadi ikiletwa kipindi cha makisio, mwalimu anajitoa. Alama yangu ikapelekwa kwa mwalimu mwingine wa kemia, ambaye hanijui hata kwa sura. Yeye kaangalia wastani wa mwaka mzima, basi. Leo nimepata jibu kwa barua pepe.

Tano.

Nimemkasirikia Mama, halafu nikaona aibu kumkasirikia. Hakuomba chochote. Hajui hata makisio ni mdudu gani. Kwao matokeo huja baada ya mtihani, na kusema kweli sioni amekosea wapi.

Je, mwalimu wangu angeandika sita? Alisema hivyo. Lakini wastani wa mwaka ni wangu, hakuna aliyenifanyia.

Nimeamua. Naomba chuo kilekile na tano yangu. Wakinikataa, nitafanya mtihani Mei na kuomba upya nikiwa na matokeo halisi mkononi. Kupoteza mwaka si kufa, ingawa leo naogopa sana.

Jioni nikamwambia Mama kwamba nimepewa tano na sita ndiyo iliyotakiwa.

“Ni zile khanga, eh mwanangu?”

Nikamwambia hapana Mama, mwanzoni mwa mwaka nilikuwa mvivu. Hilo nalo ni kweli. Akatikisa kichwa kukubali, akanipakulia wali na maharage, akanisogezea na maji.

Yeye hakula.