Miguu Kumi Ndani ya Kiondo

Kalamba, Jumapili, mwisho wa Agosti, 1987. Alasiri.

Jua kali, upepo wa vumbi. Tumerudi kutoka Ulaya siku nne sasa, na bado ngozi ya uso wangu inakumbuka ile mvua yao nyembamba, isiyolowesha na isiyokoma. Nimejifungia chumbani. Nje ya dirisha wanawake wa kikundi cha maombi wanakunywa chai na kucheka. Wananicheka mimi, na wana haki.

Nilimwonea mama yangu haya. Naliandika hilo kwanza ili nisipate nafasi ya kulizunguka.

Baba ni mchungaji. Kanisa moja la Edinburgh lilimwalika kwa wiki mbili, likasema aje na mkewe na mtoto mmoja. Watoto tuko watano nyumbani. Alinichagua mimi kwa sababu nimemaliza kidato cha sita na nasubiri chuo kikuu, na kwa sababu yeye angekuwa mikutanoni kutwa. Mama anasoma Biblia ya Kikamba na basi. Kiingereza chake ni salamu ya asubuhi, ambayo huitoa hata jioni.

"Wewe utakuwa mdomo wa mama yako," baba aliniambia.

Nilikuwa mdomo, kweli.

Kabla hatujaondoka, wanawake saba wa kikundi walikuja hapa uani kupimwa miguu. Kwetu hakuna mwanamke wa rika la mama anayejua namba ya kiatu chake. Unakanyaga chini, unawekewa uzi wa katani kuanzia kisigino mpaka ncha ya kidole kirefu, unakatwa, na huo sasa ndio mguu wako. Unaweza kutumwa Matiliku sokoni bila wewe. Anayekununulia anaulaza ndani ya kiatu: ukijikunja, kiatu ni kidogo; ukicheza, ni kikubwa. Kila uzi mama aliufunga kipande cha kitambaa cha mwenyewe, pindo la leso au la rinda, ili asije akachanganya mguu wa huyu na wa yule. Kisha akaziweka zote ndani ya kiondo chake.

Susu, nyanya yangu, mzaa mama, alitoa nyuzi mbili. Mguu wake wa kushoto uliumwa na nyoka akiwa msichana, akiwachunga mbuzi wa baba yake, na vidole vyote vitano vikaondoka. Hajawahi kuvaa viatu vya kufunika. "Viatu huzaliwa mapacha," husema. "Miguu yangu si mapacha." Kanisani hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango, mguu mmoja juu ya mwingine ili usionekane. Siku ile ya kupimwa alinishika mkono.

"Mwikali, wewe ndiye utakayesema huko. Waambie vizuri. Nataka nikae mbele kabla sijafa."

Nikamwahidi. Nilikuwa mwepesi wa kuahidi nikiwa bado Kalamba.

Edinburgh ni nzuri kwa namna ya ukali. Mawe meusi, madirisha marefu, ngome imekalia mwamba juu ya mji mzima kama tai juu ya mzoga. Tulifikia kwa Bi Jean, mjane wa kanisa hilo, mwembamba, mwenye mbwa aliyelala kitandani kwake. Wiki ya kwanza tulitazama. Makaburi, sanamu, makanisa yasiyo na watu. Mama alisalimia kila sanamu ya mtu mzee kwa kuinamisha kichwa. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tano nilianza kutembea hatua tatu mbele yake.

Jumamosi ilikuwa siku ya ununuzi. Kanisa lilikuwa limempa mama bahasha anunue apendacho, na alichopenda ni viatu vya wale wanawake. Bi Jean alibaki nyumbani na mbwa mgonjwa. Tulikuwa wawili, mimi na mama, katika barabara ya maduka chini ya ngome. Watu walikuwa wengi kama siku ya mnada wa ng'ombe Ikutha, ila hakuna aliyepiga kelele.

Saa saba kamili wakapiga mzinga.

Ni desturi yao. Kila siku isipokuwa Jumapili ngome hupiga mzinga mmoja ili watu walinganishe saa. Nilikuwa nimesoma habari hiyo. Sikuwa nimemwambia mama, nilisahau, au sikuona haja. Mlio ulipotokea alinirukia mgongoni, akaniangusha chini, akanilalia kwa mwili wake wote, leso imefunika kichwa changu, kiondo kimebingirika. Nilisikia moyo wake ukipiga kwenye sikio langu.

"Wanampiga nani?" alininong'oneza. "Usiinuke. Wanampiga nani?"

Watu walisimama wakatutazama. Hakuna aliyecheka. Mwanamume mmoja alituokotea kiondo, akasema pole kwa upole mkubwa. Ule upole ndio uliniua. Nilikuwa nimelala barabarani Ulaya chini ya mama yangu, na gauni langu la safari lilikuwa na tope kifuani.

Mtu mwingine angeandika hapa kwamba alimshukuru mamake. Mimi nilimwambia, "Ondoka juu yangu. Unatuaibisha."

Duka la viatu lilikuwa hatua chache mbele. Zulia jekundu, viti vya ngozi ya rangi ya maziwa. Mwuzaji, mwanamke mnene wa umri wa mama, alikuja na tabasamu. Wasichana wawili wa rika langu walikuwa wanajaribu viatu mbele ya kioo. Mama akaketi, akafungua kiondo, akaanza kuzipanga nyuzi juu ya kiti cha pembeni, moja moja, akizinyoosha kwa kidole na kuzitaja majina. "Huyu ni Mama Nduku. Huyu ni Kalekye. Huyu ni Susu, na huyu ni Susu tena." Katani yetu ina harufu. Vile vitambaa vilikuwa vichakavu. Wasichana wakageuka.

Mwuzaji akaniuliza, kwa kupenda kujua kabisa, nyuzi zile zilikuwa za nini.

Nikamjibu kwa Kiingereza changu kizuri, kile nilichopata nacho alama za juu: "Ni za kufungia mizigo. Mama anatazama tu."

"Anasemaje?" mama akauliza.

Nikamwambia kwa Kikamba: "Anasema hapa hawapimi viatu kwa nyuzi. Anasema uziondoe, zinachafua kiti."

Mwanamke yule hakusema hivyo. Hakusema chochote kibaya. Alikuwa bado anatabasamu, na mama akamtabasamia naye, hivyo wakabaki wanatabasamiana, na mimi katikati.

Mama alizikusanya. Hakuzizoa, aliziokota moja moja, akazikunja. Kisha akachukua ncha ya leso yake akapangusa kiti. Akapangusa mara mbili.

"Mwambie anisamehe," alisema.

Nikamgeukia mwuzaji: "Mama anasema asante."

Tukatoka.

Nimelikumbuka jambo hilo kila siku tangu lilipotokea, na uchafu wenyewe ni huu: kwa siku nyingi sikujuta. Nilipumua. Jumanne iliyofuata mama alisema kichwa kinamuuma, mimi na baba twende ngomeni bila yeye. Nilifurahi. Niliutazama ule mzinga kwa karibu, nikaugusa. Jioni tuliporudi, mama na Bi Jean walikuwa jikoni wakimenya viazi, kila mmoja akizungumza lugha yake, wakielewana. Begi la mama lilikuwa limefungwa kwa mshipi. Siku ya kurudi lilikuwa zito hata baba akauliza, "Umebeba ngome?"

"Nimebeba sabuni," mama akasema.

Hakuninunia, hakunigombeza. Njia nzima, angani na barabarani, aliniita kwa jina, akanigawia chakula chake. Nikadhani ameiamini tafsiri yangu.

Leo baada ya ibada wanawake wote saba walikuja, na Susu akaletwa na fimbo yake. Wakaketi kwenye mikeka. Nilikaa karibu na mlango nikingoja aibu. Nilijua wataambiwa Wazungu walikataa, na nilikuwa nimeandaa uso wa kusikitika.

Mama akaleta begi, akafungua mshipi, akatoa viatu.

Jozi baada ya jozi. Vyeusi, vya kahawia, vya kufunika, vya kamba za kufunga. Aliita jina, akatoa uzi wenye kitambaa cha mtu, akaulaza ndani ya kiatu wote waone, kisha akampa. Vyote vilitosha. Kalekye alizunguka ua mara tatu. Mama Nduku alivaa, akavua, akavibusu, akavivaa tena. Vigelegele vikawafukuza kuku.

"Mama Mchungaji, ulisemaje nao?" Kalekye akauliza. "Na wewe Kizungu chako ni cha asubuhi tu!"

"Nilienda na mwenyeji wetu, Bi Jean," mama akasema. "Hatukusema kitu. Nilitoa nyuzi. Yule mwanamke wa duka akapiga makofi kama mtoto. Akazichukua yeye mwenyewe kwa mikono yake, akazipanga juu ya kiti, fupi mpaka ndefu." Hapo akanitazama, kwa mara ya kwanza. "Kiti kile kile, Mwikali. Cha rangi ya maziwa."

Wengine hawakuelewa kwa nini alinitajia rangi ya kiti.

"Hakika, mtoto aliyesoma ni mali," akaendelea, sauti tamu kama uji wa mgeni. "Siku ya kwanza alinitafsiria kila kitu. Bila yeye nisingejua Wazungu wanatuonaje. Mwikali, hebu waambie mama zako. Yule mwanamke alisema nini alipoziona nyuzi zao?"

Nyuso saba zikanigeukia, zinang'aa. Na ya Susu.

"Alisema... ni nzuri," nikasema.

"Mm. Alisema ni nzuri," mama akarudia polepole. "Na mimi nikasema nini?"

"Ulisema asante."

"Nilisema asante. Mnasikia? Mdomo wangu huo."

Wakapiga makofi. Nilipigiwa makofi.

Kisha akamtolea Susu vyake. Ilibidi anunue jozi mbili, kubwa na ndogo. Akamvisha kwa mikono yake mwenyewe, cha kulia kutoka jozi kubwa, cha kushoto kutoka jozi ndogo, akavifunga kamba. Susu alisimama. Alitazama chini muda mrefu. Miguu miwili myeusi, iliyofunikwa, ya mwanamke yeyote. Hakulia, Susu halii. Alisema tu, "Jumapili ijayo mtu asinikalie benchi la mbele."

Mkononi mwa mama ulikuwa umebaki uzi mmoja. Sikuwa nimeuona dukani, nilikuwa nawatazama wasichana wa kioo. Umefungwa kipande cha kijani, cha sketi yangu ya shule.

Mama akauinua juu, wote wauone.

"Huu ni wa Mwikali. Huu waliukataa," akasema. "Walisema unachafua kiti."

Walicheka! Waliona ni mzaha mkubwa, mama kumtania binti yake msomi. Mama Nduku alijipiga mapaja. "Aiya! Msichana wa chuo kikuu amerudi pekupeku!" Na Kalekye: "Kizungu kimevaliwa mdomoni, miguuni hakikufika!" Mama hakucheka. Alikuwa anakunja begi.

"Lakini kuna viwili vimebaki," Susu akasema. "Vile visivyo vyangu. Mpeni."

Kiatu kikubwa cha kushoto. Kiatu kidogo cha kulia.

Ningeweza kukataa. Nilivaa kwa sababu mama alikuwa amesimama kuningoja, na kwa sababu nilitaka litokee lolote ili mambo yaishe. Cha kushoto kilinimeza. Cha kulia kiligoma katikati, kisigino kikabaki nje juu ya ngozi iliyokunjika.

"Tembea tuone," mama akasema.

Nikatembea. Kutoka mlangoni mpaka kwenye jiko la nje, na kurudi. Nilichechemea, nikaburuta, nikajigonga. Walicheka mpaka chai ikawatoka puani.

Susu pekee ndiye aliyenitazama miguu kwa makini, kichwa upande, kama fundi.

"Ee," akasema. "Sasa unatembea kama mimi."

Sijui kama ameambiwa. Nimelichunguza neno lile kila upande na sijui.

Ndipo nikaja humu nikajifungia. Bado nimevivaa. Kidole kikubwa cha kulia kimekufa ganzi.

Kuna jambo moja dogo. Uzi wangu mama aliuacha juu ya mkeka, nikauokota. Nimeuweka hapa sakafuni, nimeuchomoa mguu wa kushoto kiatuni kwa muda, nimekanyaga juu yake. Ni sawasawa. Hauzidi hata ukucha. Lakini mimi sikupimwa siku ile, nilikuwa ndani nasoma, nilikataa kutoka. Alinipima lini? Nimefikiri na kufikiri. Lazima nilikuwa nimelala.

Nimewaza kumwambia: yule mwanamke hakusema vile, nilisema mimi. Nimelijaribu neno hilo kwa Kikamba, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza ndilo hutoka kwa urahisi, mahali ambapo mama hawezi kulisikia. Isitoshe, analijua tayari. Mtu utamkiria nini asichokijua?

Sasa anaita nje. Haniiti jina.

"Mdomo wangu! Toka uje uwaage mama zako."

Wanacheka tena. Jina hilo litanifuata mpaka Matiliku, mpaka chuoni, nikiwa na bahati litaishia kaburini.

Natoka. Na viatu nitatoka navyo.