Hodi ya Mlango wa Nyuma

Soweto, Moshi
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, goti limepungua kuuma, na yule ng'ombe wako mkorofi bado hakubali kukamuliwa na mtu mwingine. Sisi huku hatujambo. Pamela anakusalimu sana. Goodness anauliza bibi atashuka lini na ndizi mbivu, maana za sokoni amezikataa, eti hazina ladha ya kwa bibi.

Utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Simu nimeishika mara nyingi, Mama. Lakini nikikupigia unaanza kunibariki kabla sijasema neno, na baraka zako zinanifunga mdomo. Kwa hiyo nimeandika, na dada Elisifa atakuletea akitoka sokoni Bomang'ombe. Nimemwomba asikusomee. Vaa miwani yako, kaa chini, uisome mwenyewe.

Elisifa ameniambia jinsi unavyonitetea. Kwamba kina mama wa usharika waliponisema, uliwaambia nililazimishwa na wakubwa wangu, nikasimama pale nikiumia kama wewe. Ameniambia pia kwamba unajilaumu, unasema ungekuwa mkali kidogo mlangoni, mdogo wangu Davis leo asingekuwa mahabusu. Maneno hayo yameniuma kuliko kama ungenilaani. Nimeona aibu hata kukaa mezani na mke wangu.

Siku ile ulikuwa ndiyo kwanza umetoka kukata majani ya ng'ombe. Sikupita mbele kama mgeni. Nilizunguka kwa zizini, njia ya watoto wa nyumba, nimevaa nguo za kawaida, nikapiga hodi. Ukaitika karibu baba, ukaondoa komeo bila kuuliza niko na nani. Nilipokuambia wenzangu wa kazini wako barabarani, ulikwenda mwenyewe kuwafungulia mlango wa mbele, ukawalaumu kwa kusimama juani. Ukabandika mtori wa ndizi. Sajenti Jacob alipouliza kwa upole kama wanaweza kutazama chumba cha Davis na darini, ulisema nyumba ni yenu. Wakashusha majaketi na mifuko ya kulalia ya mlimani, wakasema ndiyo mali iliyopotea stoo kwenye ile kampuni anayoibebea mizigo. Davis aliporudi kutoka shambani walimtia pingu, na wakati huo walikuwa wameshakula mtori wako. Wakiondoka ulimshukuru Jacob kwa kunitunza kazini. Shukrani ile nimeibeba mpaka leo.

Sasa nikuambie usiyoyajua. Hatukuwa na hati.

Polisi hawaingii tu nyumbani kwa mtu, Mama, hata kama wana bunduki. Inatakiwa hati ya upekuzi, iliyotolewa na hakimu au mkuu wa kituo. Bila hati tunaingia pale tu jambo linapokuwa la dharura, kama mtu anayetafutwa amekimbilia ndani, au ushahidi utapotea tukichelewa. Kwetu hapakuwa na dharura yoyote. Vitu vile vilikuwa darini tangu kabla ya Krismasi, visingeota miguu. Asubuhi ile mkuu wa kituo alikataa kusaini, akasema maneno ya walevi wa kilabuni juu ya Davis si sababu ya kupekua nyumba ya mjane. Ndipo Jacob aliponigeukia nje, akaniambia, "Mama mwenyewe akitukaribisha, hati ya nini? Na wewe ukipiga hodi, atakataa?"

Sikulazimishwa. Ningeweza kusema siendi, na hakuna ambaye angenifanya kitu. Lakini Jacob alizoea kusema kwamba sisi watu wa huko juu tunafichana, na mimi nilitaka aone kwamba sifichi mtu. Mimi ndiye niliyemtajia dari. Mimi ndiye niliyesema nitangulie nyuma, kwa sababu wageni wakibisha mbele huwa unachungulia dirishani kwanza na kuuliza shida yao. Ulikuwa na haki ya kutukatalia, nami nilihakikisha hupati hata nafasi ya kuijua haki hiyo. Kwa hiyo usijilaumu tena kwa ule mlango.

Kuna na jingine. Wageni wakishuka mlimani huwaachia wapagazi nguo na vifaa vyao, hilo unalijua, hata lile shuka zito la kwako lilitoka huko. Krismasi Davis alinipa jaketi moja kati ya yale, akanisimulia jinsi mgeni mmoja mzee alivyolivua getini na kumvisha yeye begani, huku analia. Nilijua si vya wizi. Pale uani, na pingu mikononi, Davis alinitazama akingoja niseme. Nilitazama chini. Jaketi lenyewe linaning'inia nyuma ya mlango wangu ninavyoandika hapa.

Kesi itakaposikilizwa nimetakiwa kutoa ushahidi kwamba mwenye nyumba alitukaribisha kwa hiari. Nitasema uliyemkaribisha alikuwa mwanao. Nitasema hodi ile ilipangwa, na nitalipeleka jaketi. Nimeshamweleza mkuu wa kituo. Akaniambia nijiandae kwa lolote. Huenda nikaikosa kazi. Pamela amelia, halafu akalikung'uta jaketi vumbi, akarudi kuliangika.

Nilikuwa nimekata jani la isale niliweke ndani ya bahasha hii, kama desturi yetu anapoombwa mtu msamaha. Nimelitoa. Kwetu anayeletewa isale hawezi kukataa, na mimi nimeshakuchukulia mara moja haki yako ya kukataa. Sitakuchukulia tena.

Nisalimie Elisifa na shemeji, na babu Aikaeli wa jirani, ingawa najua hataki kusikia jina langu. Ukienda kumwona Davis usimwambie haya, nataka ayasikie kwangu.

Jumamosi nitapanda huko. Nitasimama barabarani, nje ya ua wa masale, mahali unapoweza kuniona ukiwa dirishani. Sitazunguka zizini, wala sitapiga hodi. Ukitaka kuniita, utaniita. Usipotaka, funga pazia uendelee na kazi zako. Nitarudi mjini, na utakuwa hujanikosea kitu, Mama. Nyumba ni yako.

Ni mimi mwanao,
Godbless