Msomaji Aliyebisha Hodi

Masama, 11 Februari 2007

Mwanangu mpendwa Elisifa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, nikitumaini kwamba wewe na kazi yako huko Dar es Salaam mko salama. Mimi sijambo, ila magoti hunikumbusha umri kila ninaposhuka kwenye mfereji wa mfongo kufungulia migomba maji. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu, na uniwie radhi pia kwa mwandiko, maana kalamu hii inavuja.

Umeniomba niandike, kwa kuwa blogu yetu imetimiza mwaka, mambo niliyojifunza kwayo. Nasema yetu kwa sababu mimi huandika kwa mkono tu. Wewe ndiye unayechapa na kuyapeleka huko yanakosomwa. Ulipolianzisha jambo hili baada ya kumzika mama yako nilikubali kwa adabu, nikijua umechoka kusikia kwamba baba yako anazungumza na ng'ombe. Leo nakiri kwamba limeniweka hai. Nimejifunza kwamba mtu akiandika habari za nyumba yake huanza kuiona. Sikuwa nimetambua kwamba ng'ombe wetu Malkia hugeuza kichwa kengele ya kanisa inapolia, wala kwamba marehemu mama yako Magreth alikoroga mtori wa ndizi kwa mkono wa kushoto, hadi nilipotaka kuwaeleza wageni. Tena nimejifunza kwamba msomaji aweza kumpenda mtu asiyemjua. Jambo hilo bado linanishangaza.

La kihamba, shamba letu hili la ukoo, lisikusumbue. Jumapili, mlangoni mwa kanisa, mwenyekiti wa ukoo alinikumbusha tena kwamba mzee asiye na mtoto wa kiume humtafuta mrithi miongoni mwa wanaume wa ukoo. Nilimjibu kwa heshima kwamba mrithi ninaye, na jina lake ni Elisifa. Akacheka kama aliyetaniwa.

Kuna jambo moja la furaha. Katika maoni ya wasomaji uliyonitumia yuko anayejiita Mtoto wa Ebenezeri. Anasema alilia aliposoma habari za kaka yangu Ebenezeri, aliyepanda treni kwenda Nairobi mwaka 1958 tusimwone tena. Tafadhali mjibu kwamba mlango wa baba yake uko wazi.

Ni mimi,
Baba yako


Dar es Salaam, 21 Februari 2007

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia huna baya zaidi ya magoti. Mimi ni mzima, joto tu la huku ndilo linalonionea.

Huyo Mtoto wa Ebenezeri sijamjibu, unisamehe. Nimeyapitia maoni yake yote mwaka mzima. Wasomaji wengine huuliza habari za mtori na za Malkia. Yeye huuliza kama unaishi peke yako. Aliuliza kihamba kimepakana na nani upande wa juu, na nani upande wa mfongo. Mwezi uliopita aliuliza kama mwandishi ana mtoto wa kiume, na msomaji mmoja wa Norway, kwa wema wake, akamjibu kwamba hana.

Je, tulipata kusikia kwamba baba mkubwa alikuwa na mtoto? Kama hatukusikia, nakuomba usimpokee mtu yeyote kabla sijaja mwenyewe. Na simu uiweke karibu, Baba. Ukiifungia kabatini na Biblia, mimi napigia kabati.

Mwanao,
Elisifa


Masama, 4 Machi 2007

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini joto limepungua, na ninakuombea. Nianze kwa kukuomba radhi, maana barua yako imenifikia mgeni akiwa tayari amekwisha kula.

Amekuja. Jina lake Ndelilio, mtu wa makamo, mtaratibu, amevaa koti zuri. Alisimama nje ya masale, mimea yetu ya mpaka, hakuyavuka hadi nilipomkaribisha, kama walivyofanya watu wa zamani. Kichagga chake ni kibovu, lakini alisema amekulia Kenya. Unajua sisi tulivyofundishwa kumpokea mtu asemaye ni wa ukoo: hatuulizi cheti, tunauliza mababu. Nilimwuliza. Aliwataja wanne kwa mpangilio wao bila kusita. Kisha alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kaburi la mama yako, nyuma ya kahawa, bila kuonyeshwa njia, akavua kofia. Alimwita Malkia kwa jina.

Mama Hilda jirani, aliyekuwa amekuja kuomba moto, alimtazama kuanzia kiatuni. Alipoondoka aliniambia, "Mzee Eliamini, huyu mgeni wako anaijua nyumba yako kuliko panya wake." Nilimkemea kidogo, naye akacheka.

Wakati wa chai Ndelilio alinisimulia mambo aliyoambiwa na baba yake. Kwamba nilimsindikiza kaka yangu hadi stesheni ya Moshi, tukagawana ndizi ya kuchoma, nikamvika blanketi langu dirishani treni ilipoanza kwenda. Alitokwa na machozi. Mimi nilitazama kikombe changu.

Jumapili tulikwenda naye ibadani. Wazee wa ukoo walimzunguka kama bwana harusi. Mwenyekiti alinishika mkono akasema Mungu ameniletea mwana uzeeni. Wamekusudia kikao cha ukoo Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, akabidhiwe kihamba mbele ya watu wote. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, na kwa hilo nakuomba radhi kuliko yote.

Simu ameichukua kwenda kuichaji Bomang'ombe, kwa sababu nguzo za umeme bado zimeishia kanisani.

Ni mimi,
Baba yako


Dar es Salaam, 14 Machi 2007

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na ikukute peke yako unapoisoma.

Nimekaa na blogu yetu tangu juzi. Mababu wanne uliwataja wewe mwezi wa saba. Njia ya kwenda kwenye kaburi la Mama uliieleza siku ya kumbukumbu yake. Jina la Malkia limo karibu kila ukurasa. Stesheni, ndizi, blanketi, yote uliyaandika wewe, nikayachapa mimi. Baba, huyo mtu hajakuletea neno hata moja ambalo hukumpa.

Nimepiga simu kila siku. Hupokei. Juzi nilipata ujumbe kutoka namba yako: "Niko salama. Usije Pasaka, mvua imeharibu barabara. Baba." Wewe hujawahi kuniandikia mistari mifupi hivyo bila kuniomba radhi mahali. Nimeomba ruhusa kazini, wamenikatalia hadi katikati ya Aprili. Nitaiomba tena.

Waambie wazee. Tafadhali, Baba, usimwonee haya.

Mwanao,
Elisifa


Masama, 9 Aprili 2007

Mwanangu mpendwa Elisifa,

Bwana amefufuka. Natumaini umeiadhimisha Pasaka kwa amani. Mimi kwa mwili sijambo. Uniwie radhi kwa ukimya huu mrefu. Barua mbili nilizokuandikia nilimpa Ndelilio akazitie posta, na sasa naamini hukuzipata. Hii anaichukua Mama Hilda kifuani mwake hadi kwa kondakta wa basi.

Ujumbe ule sikuutuma. Simu sijaigusa tangu alipoichukua.

Umeniandikia mambo ambayo nilikwisha kuyajua. Nilijua siku ile ile, kwenye chai. Kaka yangu alipoondoka mimi nilikuwa kitandani kwa homa, sijitambui. Hatukuagana. Hakukuwa na stesheni, wala ndizi, wala blanketi. Nilipofika kuandika habari zake mwaka jana sikuweza kuiacha ile nafasi wazi, nikaandika tulivyopaswa kuagana. Wasomaji waliipenda kuliko kurasa zote. Halafu mtu akaja, akaketi kwenye kiti cha mama yako, akanirudishia uongo wangu kwa machozi. Mtoto wa kweli wa Ebenezeri angeweza kujua mengi, lakini hilo asingelijua.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Mgeni alikuwa bado ana kikombe changu mkononi. Kesho yake ningeweza kusema, lakini ingenibidi niseme pia kwamba nimeuongopea ulimwengu. Jumapili wazee walikwisha kumkumbatia. Adabu niliyofundishwa misheni ilinifikisha hapo hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa ya upole.

Sasa ni mpole kupita kiasi. Chai yangu ananiletea mwenyewe kitandani. Amebadilisha kitasa cha mlango mkubwa, na ufunguo hukaa naye. Anakwenda Moshi kila Alhamisi, anasema ni kwenye duka la intaneti, kusoma kama kuna jipya la kwangu. Wiki iliyopita tulikuwa tumesimama kwenye kaburi, akaniuliza kwa sauti ya heshima ningependa kulazwa upande gani wa mama yako. Nikamwambia wa kulia. Akaitikia kwa kichwa, akapapima kwa hatua zake.

Kwa hiyo nimeamua. Jumamosi, ukoo ukiisha kuketi, nitasimama nami nitasema yote mbele yao: ya blanketi, ya homa, na ya kwamba mrithi wangu ni wewe. Aibu nitaibeba. Mbele ya watu wote hatathubutu kunifanya kitu. Tukiwa wawili tu ndani ya nyumba hii, sijui.

Karatasi ya pili ni ile ya mambo niliyojifunza, uliyoniomba tangu Februari. Humo nimewakiri wasomaji wetu ukweli na kuwaomba msamaha. Nimeandika kwamba nilidhani ninawafungulia watu dirisha, nisijue kwamba wengine huingilia dirishani. Nimeandika pia kwamba sijutii kuandika. Najutia pale tu nilipopamba. Ichape kama ilivyo. Lakini nakusihi, isionekane kabla ya Jumamosi.

Nisamehe kwamba kihamba chako kimefikia kuponea kwenye ulimi wa mzee mwenye haya.

Ni mimi akupendaye,
Baba yako


Ubungo, Dar es Salaam, Ijumaa 13 Aprili 2007

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naandikia magotini, kituo cha mabasi. Basi la mwisho la leo limejaa. Kondakta amekubali barua, mimi amenikatalia. Nitapanda la alfajiri. Barua ataiacha dukani karibu na kanisa, na Mchungaji ataipokea.

Baba, niliichapa jana.

Niliisoma karatasi yako nikalia, kisha nikakasirika. Niliona kwamba ndugu wa Norway na wa Amerika wakiisoma kwanza, wazee hawataweza kuizima Jumamosi. Niliona kwamba nakulinda. Alhamisi asubuhi niliiweka kwenye blogu. Sikufikiri Alhamisi ni siku gani huko kwako. Jioni lilikuja oni moja tu chini yake: "Nimeisoma hapa Moshi. Asante kwa ukweli wako, mzee wangu. Narudi nyumbani tuzungumze." Mtoto wa Ebenezeri.

Nimeiondoa karatasi, lakini najua haisaidii.

Simu yako imezimwa. Mama Hilda yuko msibani Siha, hapatikani. Leo asubuhi nilimpata Mchungaji, nikamweleza yote, akatoka wakati ule ule. Amenipigia saa nne. Anasema alibisha mlango mkubwa, akafunguliwa kidogo na Ndelilio, aliyemwamkia vizuri na kumshukuru kwa kuja. Alipouliza habari zako alijibiwa, "Mzee amelala. Jana tulizungumza sana." Mchungaji alisema angependa kukuombea japo ukiwa usingizini. Ndelilio akamwomba radhi na kufunga. Malkia alikuwa akilia bandani, hajakamuliwa. Mchungaji amekwenda kuwatafuta wazee na mgambo, nami simu yake siipati tena.

Unisamehe, Baba. Ulinisihi jambo moja.

Kama barua hii unaisoma mwenyewe, usiondoke penye watu. Nakuja. Na kama imefunguliwa na wewe uliyesoma kila kitu chetu mwaka mzima, soma na hili, ukurasa wa mwisho nitakaokuandikia: Ebenezeri hakukuzaa, nyumba hiyo ina binti, naye yuko njiani.

Mwanawe,
Elisifa