Memori Zilizopondwa Uani

Jumatatu, 17 Machi

...na bado nasema ni kinyaa. Meneja wa zahanati, na suti yake, kachuchumaa uani anaponda memori kwa nyundo! Fundi wa kompyuta aliacha agizo: kabla hamjauza zile kompyuta sita za zamani, haribuni memori. Basi meneja kachomoa vile vijiti vya kijani, kavisaga. "Bibi harusi, siri za wagonjwa kwisha!" — na mate yake yakanirukia shavuni. Pyuu!

Jioni mume wangu (mume wangu! wiki ya sita, na neno hili bado naliandika polepole) kaniletea zawadi yenye utepe mwekundu. Kompyuta yangu ya mapokezi, kainunua kati ya zile sita! Nililia kama mtoto.

Jumanne, 18 Machi

Haiwaki. Inalia tii-tii tu. Tukamwita fundi, akapachika kijiti kipya. Ikawaka — na wagonjwa wote wamo! Majina, simu, nani anaumwa nini. Fundi kashika kichwa. Kumbe vijiti vinasahau vyenyewe, ukizima tu hamna kitu. Kisichosahau ni diski, na diski hakuna aliyeigusa.

"Basi mimi ni diski yako," mume wangu akasema. Nikambusu mbele ya mgeni! Halafu nikazikumbuka zile tano nyingine. Nikamuuliza fundi, mbona ulisema memori? "Shemeji, kila mtu anasema memori." Uvivu wa neno moja! Sikumpa hata chai.

Jumatano, 19 Machi

Nimemweleza meneja, naye anachokonoa meno. Kompyuta ikizimwa imezimwa, anasema, nisimtie presha. Akaifuta njiti yake kwenye faili la mgonjwa. Nikalinyakua faili.

Tano ziko kwa muuza vifaa vya mitumba. Mojawapo ni ya maabara — na humo mna majibu ya vipimo vya mshonaji, aliyenishonea gauni la harusi. Siku alipochukua majibu alinishika mikono yote miwili: "Mwanangu, baba watoto asijue kwanza. Nitamwambia mwenyewe." Nikamwapia.

Ijumaa, 21 Machi

Mpenzi wangu aliomba ruhusa karakanani kwake, anisindikize. Nani kama yeye! Fundi naye alikuja, kainamisha uso. Kwa muuza vifaa tulikuta nne, chini, kwenye mavi ya panya. Yaani maisha ya watu! Fundi akachomoa diski zote nne.

Na ya maabara? Imeondoka jana. Kainunua mwenye duka la kuchapisha barua. "Nilimwambia haiwaki, akasema kijiti tu hicho, atakitafuta," muuza vifaa akatueleza.

Duka hilo limepakana na la mshonaji. Ukuta mmoja!

Tulipofika limefungwa. Mwenyewe katoka asubuhi, kaenda kununua memori. Fundi akakaa kizingitini kumsubiri. Mume wangu akasimama barabarani, anaangalia huku na huku.

Mara mlango wa pili ukafunguka. "Jamani, bibi harusi wangu! Unapitaje bila hodi?" Mshonaji, futi shingoni, pini midomoni. Nyuma yake mumewe, anavuta kiti nikae, anacheka: "Huyu mke wangu anakutaja kila siku, utadhani kakuzaa!"

Nilijichukia. Ningeanzaje kumwambia siri yake iko nyuma ya ukuta, na mumewe kasimama pale?

Nikamwambia leo siwezi kukaa, mama. Nitakuja peke yangu, tuzungumze sisi wawili, kabla mwezi huu haujaisha.