Wa Kufunga Kadi

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Leo nimesikika! Si jina langu kusomwa, hilo nimelizoea tangu 2003. Sauti yangu yenyewe! Kyalo, Fundi Suruali wa Changamwe, imetoka redioni saa nne asubuhi, ikavuka Kisauni, ikavuka Likoni, ikaenda zake.

Redio yetu imeacha kadi za salamu. Mtangazaji mpya, Mussab, anataka salamu za sauti, za kurekodiwa kwa simu. Nilinuna siku mbili. Kadi zangu tupu bado zimo kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo. Halafu Fancy, msusi wa mlango wa pili, akanishikia simu nikasema. Nikasema taratibu, kila jina na mahali pake, vile alivyokuwa akisoma Suleiman, mtangazaji wetu wa zamani. (Suleiman alikuwa akikohoa kabla ya kadi za msiba. Tulikuwa tunajua kumekufa mtu kabla hajafungua mdomo.) Majina saba. Na wa kufunga, kama kawaida, Bi Nyevu wa Utange, Mama Miche.

Ilipoanza nilipiga ukelele, wateja wa Fancy wakatoka na nywele nusu. Makofi, vigelegele! Hata sikusikia nilichokisema. Raha tupu.


Jumapili, 7 Septemba

Kanisani watu wanne wameniambia wamenisikia. Nimekuwa mtu.

Najiandikia hili nisije nikasahau jinsi mambo yalivyokuwa. Kwetu wapenzi wa salamu, anayefungua kadi ni wa heshima: chifu, mchungaji, shemeji. Wa katikati ni wa katikati. Lakini anayefunga kadi, wa mwisho kutajwa, ndiye mwenye kadi. Hakuna aliyetufundisha, kila mtu anajua tu.

Bi Nyevu nimemfungia kadi tangu 2004. Na yeye hunifungia mimi. Sijawahi kumwona. Sijawahi kusikia hata sauti yake! Anauza miche ya maua na miembe huko Utange, hayo ndiyo ninayoyajua, maana ndiyo yanayosomwa. Marehemu mke wangu Milcah alikuwa akinitania: leo mke mwenzangu wa redioni amekusalimia? Na wiki asiposikia jina hilo, yeye ndiye anayeuliza mbona kimya, ni mgonjwa?

Milcah alipofariki 2016 sikushona siku arubaini. Nilikuwa nakuja dukani nakaa tu. Siku moja Suleiman akakohoa, akasoma: "Kyalo wa Changamwe, cherehani isinyamaze. Ni mimi Nyevu." Nililia pale pale. Halafu nikatia uzi.

Mikutano ya chama chetu cha salamu nimeikwepa yote. Yeye huenda. Mimi husingizia kazi. Naogopa, basi. Ningemwambia nini mtu ambaye nimeshamwambia kila kitu kwa mstari mmoja mmoja?


Jumamosi, 13 Septemba

Majoho ya kwaya, ishirini na manne, nimeyapeleka Mikindani leo. Nimekosa kipindi. Salamu zangu nilituma jana, majina yale yale. Kwaya wamefurahi, ila wa sauti ya nne wamenenepa tangu nilipowapima.


Jumamosi, 20 Septemba

Nimesikia sauti yake.

Miaka ishirini na moja! Mussab alisema tu, sasa tuko Utange — nikaachia pedeli. Sauti nzito kidogo, ya mtu asiye na haraka, yenye Kigiriama chake ndani. Nilitabasamu peke yangu kama mwehu. Akataja mmoja, wa pili, wa tatu. Nikasubiri mwisho wangu.

"Na wa kufunga ni Bwana Hamdun wa Jomvu Kuu, maana naona siku hizi ndiye anayewafungia wenzetu."

Basi. Wimbo.

Hamdun! Mwenyekiti wetu, mzee wa watu, na kofia yake ya kiua. Nimezima redio. Hata salamu zangu sikungoja kuzisikia.


Jumatatu, 22 Septemba

Nimeshona suruali mguu mmoja mrefu. Mteja ameniuliza kama naumwa. Nimesema joto. Hakukuwa na joto.


Jumatano, 24 Septemba

Loo! Loo mimi!

Hamdun kaja leo na kanzu ya kupunguzwa. Nilimpa mkono baridi. Yeye kakaa, kaomba maji, mara anaanza kunishukuru! Ati wallahi nimemfurahisha uzeeni, majuma matatu mfululizo namfungia kadi, nyumbani kwake wajukuu wanamwita Mzee wa Kufunga.

Nikasema mimi? Sijakufungia hata siku moja. Wewe ni wa sita!

Akanitazama. "Kyalo, mwanamke wa watu umemtia simanzi. Kanipigia simu, kaniuliza, je, huyo kapata mwengine au nimemkosea nini? Nami nikamwambia labda ndiyo mambo ya kisasa."

Fancy akatafuta kipindi kwenye ukurasa wa redio. Tukasikiliza sote watatu, vichwa pamoja. Naanza vizuri, taratibu, chifu na heshima zake. Nafika: "Na Bwana Hamdun, wa Jomvu Kuu..." Tangazo la sabuni! Nusu dakika ikiisha, mashine inakata. Majuma matatu inakata pale pale, maana majuma matatu nimesema kwa mwendo ule ule. Fancy alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee, hiyo ni salamu si mahubiri, anasema.

Hamdun aliweka maji chini. Kisha akasema, kwa huzuni ya kweli, "Kwa hiyo si mimi." Nimempunguzia kanzu bure. Na nilicheka njia nzima mpaka nyumbani, halafu nikafika nyumbani nikaacha kucheka. Amekaa majuma matatu akidhani nimemtupa.


Alhamisi, 25 Septemba

Nifanyeje?

Fancy: mtaje wa kwanza, yaishe. Kijana haelewi. Nimtaje wa kwanza, mahali pa chifu? Hapo ndipo atajua kweli nimemshusha.

Fancy: basi sema haraka. Nimejaribu. Nikiharakisha nasikika kama niliyekimbiwa na ng'ombe.

Namba ya simu Hamdun anayo, amenipa. Imo mfukoni. Lakini mambo yetu yameharibikia hewani, watu wote wanasikia, nami nikamtengenezee kichochoroni? Hapana.

Iko njia moja. Naiogopa.


Jumamosi, 27 Septemba

Nimetuma kadi ya jina moja.

Pwani hii mpenzi yeyote wa salamu anajua maana yake. Miaka yote nimesikia mbili tu. Moja waliishia kuoana. Ya pili mwenyewe alihamia Voi kwa aibu.

Nimesema hivi: "Ni mimi Kyalo, Fundi Suruali wa Changamwe. Leo nina jina moja. Bi Nyevu wa Utange, Mama Miche. Majuma matatu mashine ilinikata kabla sijakufikia. Cherehani haijanyamaza."

Imetoka yote. Ikabaki hata nafasi. Mussab, mtoto wa watu, wallahi, akakohoa kama Suleiman.

Simu yangu imelia mpaka moto wa betri umeisha. Likoni wamepiga. Mjambere wamepiga. Utange kimya.


Jumamosi, 4 Oktoba

Hakusalimia. Si mimi, si mtu yeyote. Hamdun anasema nitulie, mkutano wa chama mwaka huu ni Utange, siku ya Mashujaa. Na safari hii usinambie habari ya kazi, anasema.


Jumatano, 15 Oktoba

Nimejishonea shati. Mara ya kwanza tangu 2016. Nimefumua kola mara mbili. Fancy amenikata nywele, hakutaka chochote, anataka tu nimweleze yote nikirudi. Nimemwambia Milcah pia, kwa sauti, hapo jikoni. Najua angesema nini: mbona umechelewa?


Jumatatu, 20 Oktoba, Utange

Naandika nikiwa hapa hapa, kiti cha plastiki, safu ya tatu. Afadhali mikono iwe na kazi.

Watu kama sitini. Pilau inanukia. Kila anayejitaja jina watu wanapiga kelele — kumbe wewe ndiye! — wanakumbatiana. Wazee wanalia kwa furaha. Nilikuwa nakimbia nini mimi miaka yote hii?

Nimejitaja, ukumbi mzima ukaguna na kucheka. Mama mmoja akaniambia ati wa jina moja, kaa karibu tukuone.

Desturi ya mkutano: kila mmoja anasimama na kusoma kadi. Kadi ya karatasi, si simu. Hamdun amekataa simu kabisa.

Sasa ameitwa Bi Nyevu wa Utange. Yeye huyo. Mfupi kuliko sauti yake. Kanga ya kijani, miwani, udongo bado uko kwenye kucha. Hakunitazama alipopita. Amepita karibu sana lakini.

Ameanza. Majina manane, anasema.

Wa kwanza ni chifu wa hapa. Si mimi. Vizuri.

Wa pili, Mussab wa redio. Watu wanapiga makofi.

Wa tatu. Wa nne. Eh Mungu, asinitaje. Asinitaje sasa!

Wa tano ni dada yake. Wa sita mtu wa Likoni.

Wa saba — "Bwana Hamdun wa Jomvu Kuu, na anisamehe, leo narudi kwenye kawaida yangu." Ukumbi umelipuka. Hamdun amevua kofia, anacheka, ananinyooshea kidole.

Mimi bado sijatajwa.

Amekunja kadi. Amevua miwani. Sasa anatazama safu ya tatu, na hasomi popote —